Maji Nje! Mwongozo Usio na Huruma wa Kukaanga Samaki wa Rojo

Samaki anayekaangwa akiwa amevikwa rojo la unga ana adui mmoja tu, na adui huyo ndiye aliyemlea. Alizaliwa majini, akakulia majini, akavuliwa majini, na hata akiwa amelala juu ya ubao wako wa kukatia, karibu robo tatu ya mnofu wake bado ni maji. Wewe unataka ganda la rangi ya dhahabu, linalolia ukiling'ata. Maji hayataki. Kwa hiyo leo jikoni kwako lazima mmoja ashinde, na mwongozo huu umeandikwa ili mshindi asiwe maji.

Niseme mapema ninachokiamini. Ganda kavu halitoki kwenye pakiti ya viungo vya siri, wala si kipaji cha mpishi aliyezaliwa na mkono mtamu. Hulipata yule anayejua maji yako wapi kila dakika: juu ya mnofu, ndani ya rojo, kwenye mafuta, chini ya sahani. Maji yaliyomo ndani ya mnofu tunayataka, maana ndiyo ulaini na utamu wake. Mengine yote yafukuzwe. Ukilishika hilo, hata karatasi ya vipimo ikikupotea utakaanga vizuri.

Jambo la pili: hakuna mahali pazuri pa kula chakula hiki kuliko nyumbani. Uhai wa ganda kavu ni wa dakika chache. Hotelini kuna mhudumu, kuna trei, kuna ngazi, na kuna mteja wa meza ya pembeni anayedai chenji yake kwanza. Nyumbani, kutoka karai hadi mdomoni ni hatua tatu. Huo ni utajiri, na ni aibu kuuchezea.

Vya kuandaa, kwa walaji wanne

- Minofu ya samaki mweupe, gramu 700, isiyo na ngozi wala miiba
- Unga wa ngano gramu 150 kwa ajili ya rojo, na vijiko 4 vya chakula vya kumpaka samaki
- Kornfulawa au unga wa mchele, gramu 50
- Beking pauda, kijiko 1 cha chai
- Chumvi na pilipili manga
- Maji yenye gesi, baridi sana, mililita 250 hivi
- Mafuta ya kupikia yaliyosafishwa, lita 1 na nusu
- Karai zito au sufuria yenye kina, kijiko cha matundu, wavu wa chuma, na kitambaa safi kikavu

Hatua ya 1: Mchague samaki kabla muuzaji hajakuchagulia

Ukifika soko la Feri pale Dar es Salaam asubuhi, utaitwa tajiri, bosi, mama, mjomba, kutegemea umri wako na viatu ulivyovaa. Itikia salamu zote, kisha achana na maneno ya muuzaji umtazame samaki machoni. Jicho la samaki aliyetoka kuvuliwa limetokeza na linang'aa. Lililozama na kuingia ukungu limeshasema kila kitu. Funua mashavu: ndani yawe mekundu, yasiwe ya kahawia. Mbonyeze kwa kidole. Nyama irudi mahali pake, isikuachie shimo. Mwisho mnuse. Samaki mzuri hunukia bahari. Akinuka samaki, endelea na safari.

Sasa, si kila samaki anafaa kuvikwa rojo. Tunamtaka mweupe, asiye na mafuta mengi, ambaye nyama yake hukatika mapande mapande makubwa akiiva. Pwani, chewa na changu wanafaa sana. Kwa wa kanda ya ziwa, sangara anafanya kazi hii kwa heshima: minofu yake ni minene, na haina ile miiba midogo inayowafanya watoto waogope samaki mpaka ukubwani. Sangara si mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Aliletwa miaka ya 1950, akawala wenyeji wengi, kisha akawa bidhaa ya viwanda, na minofu yake ikapanda ndege kwenda Ulaya. Kama sangara wa Mwanza anaweza kuvikwa rojo jikoni kwa mtu wa Hamburg, hakuna sababu asivikwe kwako Nyakato au Tabata.

Nguru mwache na ufundi wake. Ana nyama iliyoshikana yenye mafuta, na akikatwa vipande vya mviringo na kupakwa viungo hahitaji koti. Jodari hukauka upesi. Dagaa na vibua wanataka unga mkavu tu na mafuta ya moto. Kumvika rojo samaki asiyelihitaji ni kumwonea samaki na kupoteza unga.

Kijana wa kupara samaki atataka kukukatia vipande vya mchuzi, maana ndivyo wengi wanavyoagiza. Mwambie mapema: "Kaka, nitolee minofu, ngozi uivue, kichwa na mifupa unifungie." Kichwa na mifupa usimwachie mtu, ni supu ya kesho asubuhi. Minofu ikatwe vipande vya unene wa sentimita 2 na upana wa vidole vitatu. Kikiwa kinene kuliko hapo, ganda litaungua kabla ndani hapajaiva. Kikiwa chembamba, samaki atakauka kabla ganda halijapata rangi.

Ukinunua wa barafu hakuna ubaya, ila ujue umenunua na maji ya ziada. Chembe za barafu huchana nyama, na ikiyeyuka maji hutoka kwa wingi. Myeyushe usiku kucha ndani ya friji akiwa juu ya chujio, ili maji yadondoke chini na yeye abaki juu. Ukimtumbukiza kwenye beseni la maji ili ayeyuke upesi, utakuwa umemrudisha alikotoka.

Hatua ya 2: Mfute, kisha mfute tena

Katika nyumba nyingi za kwetu samaki haingii kwenye karai bila kuoshwa kwa ndimu. Mwoshe, ni desturi nzuri. Lakini afanyiwe haraka, asiachwe akielea humo wakati wewe unajibu simu, kwa sababu asidi ya ndimu huanza kuibadilisha nyama: huwa nyeupe juu, hulegea, na hutoa maji.

Ukishamwosha, mpange juu ya wavu na umnyunyizie chumvi kidogo pande zote. Mwache dakika 15. Chumvi itayavuta juu maji yaliyojificha karibu na uso wa mnofu, na utayaona kwa macho yako, matone madogo yanayong'aa. Hapo chukua kitambaa kikavu na umfute kwa kumgandamiza taratibu. Geuza upande wa pili, fanya hivyo hivyo. Kitambaa kikilowa, chukua kingine. Mnofu ukiushika usikuteleze tena mkononi.

Vipi kuhusu tangawizi na kitunguu saumu? Ukivisaga vikawa uji na kumpaka, umempaka maji yenye harufu nzuri. Ladha hizo tunazipenda wote, basi zipitie mlango mwingine: kitunguu saumu cha unga, pilipili manga, bizari nyembamba iliyosagwa, vyote vichanganywe kwenye unga mkavu.

Na unga huo ndio hatua ambayo watu wengi huiruka, kisha wakashangaa kwa nini nguo imevuka karamuni. Kabla ya rojo, mpake samaki unga mkavu, tabaka jembamba, na umkung'ute mpaka unga uliozidi udondoke. Rojo halishiki kwenye uso wenye unyevu. Mvuke ukitoka kwenye mnofu uliolowa huusukuma ukuta wa rojo kwa nje, pengo likatokea, na ganda zima likabaki mkononi mwa mlaji huku samaki akiteleza uchi sahanini. Unga mkavu hunyonya unyevu wa mwisho na kulishikisha rojo.

Hatua ya 3: Rojo baridi, mkono mvivu

Hapa lazima niseme na mikono iliyolelewa kwenye chapati na maandazi. Unga wa ngano una protini ambazo zikikutana na maji na kukandwa hushikana na kuwa glutini, utando unaonyumbuka kama mpira. Kwenye chapati huo ndio uzuri wenyewe. Kwenye samaki ni balaa: ganda huwa gumu la kutafuna, na linazuia mvuke kutoka. Kwa hiyo mkono wako hodari, uliosifiwa na ukoo mzima, leo upumzike.

Changanya kwanza vikavu kwenye bakuli: unga wa ngano, kornfulawa au unga wa mchele, beking pauda, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kornfulawa na unga wa mchele havina glutini, ndiyo maana vimo. Vinaufanya unga wa ngano upunguze ukaidi. Bakuli hilo litie ndani ya friji. Mafuta yakishapata moto, si kabla, mimina maji yenye gesi yaliyo baridi kabisa na ukoroge kwa uma mara chache tu. Ukiona bado kuna vidonge vidogo vya unga, vizuri, acha hapo. Anayetaka rojo lililo laini bila kidonge hata kimoja atakoroga mpaka glutini iamke.

Baridi huichelewesha glutini. Gesi huacha viputo ndani ya rojo, na viputo hivyo vikikutana na moto hutanuka na kuacha vyumba vidogo vyenye kuta nyembamba, zinazokauka upesi. Beking pauda inaongeza gesi nyingine kwa njia yake. Uzito wa rojo uupime kwa kijiko: likitoka, lidondoke kwa utepe mzito unaokatika. Likikimbia, ongeza unga kijiko kimoja. Likigoma kushuka, ongeza maji kidogo.

Kanuni hii imepita kwenye mikono mingi. Wayahudi waliotoka Hispania na Ureno wanatajwa kuwa ndio walioingiza Uingereza desturi ya kukaanga samaki aliyepakwa unga. Miaka ya 1860 huko huko Uingereza wakaanza kuuzwa samaki na chipsi pamoja. Wa London wanamtaja Joseph Malin kuwa wa kwanza, wa kaskazini wanamtaja John Lees wa mji wa Mossley, na ubishi haujaisha. Wapishi wengi wa huko hutia bia kwenye rojo, na kazi ya bia ni ile ile ya maji yetu yenye gesi. Wareno nao walifika Japani karne ya 16 na namna yao ya kukaanga, Wajapani wakaifanyia kazi mpaka ikawa tempura, na mpishi wa tempura hutumia maji ya barafu na kukoroga kidogo sana.

Na sisi tusijifanye wageni wa mambo haya. Anayekula viazi karai Mombasa au Tanga anajua kiazi kilichochovywa kwenye unga na kutumbukizwa kwenye mafuta kinavyopaswa kuwa. Anayekaanga bajia za dengu anajua mafuta yanavyosema. Ukitaka rojo lako liwe na nasaba ya pwani, toa gramu 50 za unga wa ngano na utie unga wa dengu badala yake, pamoja na ncha ya kijiko ya manjano. Rangi itakuwa nzuri na ladha itajitegemea. Sukari usitie; itaungua kabla samaki hajaiva.

Hatua ya 4: Mafuta yapate moto kabla yako

Tumia mafuta yaliyosafishwa. Alizeti ya Singida iliyokamuliwa kwenye mashine ya mtaani ina harufu nzuri na inapendeza kwenye mchicha, lakini ikiwa haijasafishwa huanza kutoa moshi na povu mapema, kabla ya joto tunalolihitaji. Mimina mafuta yasizidi nusu ya kina cha karai, maana samaki akiingia yatapanda.

Joto tunalolitafuta ni nyuzi 180 za Selsiasi. Kama huna kipimajoto, dondosha tone la rojo. Likizama mpaka chini na kupanda kwa uvivu, subiri. Likizama kidogo na kurudi juu mara moja huku likichemka pembeni, umefika. Likikataa kabisa kuzama na kubadilika rangi papo hapo, yamezidi, punguza moto.

Kwa nini nyuzi 180? Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Rojo likigusa mafuta yenye joto kubwa zaidi ya hapo, maji yake hugeuka mvuke mara moja na kutoka nje kwa nguvu, na unapoyaona mafuta yakichemka, kinachochemka ni maji yanayohama. Wakati mvuke unatoka, mafuta hayapati nafasi ya kuingia. Mafuta yakiwa vuguvugu, mvuke hutoka kwa unyonge, ganda huchelewa kukauka, na samaki anakaa humo muda mrefu akijishibisha mafuta.

Wa jiko la gesi wana kitufe cha kugeuza. Wa jiko la mkaa wana kazi zaidi, nao wanaiweza: mkaa uwe umekolea wote kabla ya kuinjika karai, mlango wa jiko ndio wa kupunguzia na kuongezea, na kipepeo kiwe karibu, kwa sababu kila ukiingiza vipande vipya joto hushuka. Jiko likae sawasawa juu ya sakafu, na watoto wakae mbali nalo.

Katika hili sitanii hata kidogo. Mafuta yakishika moto, usimwage maji. Maji hayo yatazama chini ya mafuta na kugeuka mvuke, na mvuke huchukua nafasi mara 1,700 hivi kuliko maji yaliyouzaa. Utakaoruka ni moto wenyewe, hadi darini. Zima jiko kama unaweza kulifikia, funika karai kwa mfuniko mkubwa au sinia la chuma, na usilihamishe mpaka lipoe kabisa. Mfuniko huo uwe karibu nawe tangu mwanzo. Na mkaangaji haondoki jikoni, hata mlango ukibishwa hodi.

Hatua ya 5: Mlaze, kisha usikilize

Shika kipande kwa ncha, kichovye chote kwenye rojo, kiinue na ukisubiri kidogo rojo lililozidi lidondoke. Sasa kishushe kwenye mafuta kwa kukilaza kuelekea mbele, mbali na wewe, ili tone likiruka lisikuendee. Usikiachie mara moja. Nusu yake ikiwa ndani, kishikilie kwa sekunde tano hivi mpaka rojo lianze kujikaza na kipande kitake kuelea, ndipo ukiachie. Kikiachiwa mapema huzama, na rojo bichi likigusa chini ya karai linaganda hapo hapo.

Tia vipande vitatu, si zaidi. Karai likijaa, joto linaanguka, na kazi yote ya hatua ya 4 imekwenda na maji, kwa maana halisi kabisa. Kwa dakika mbili za kwanza usikiguse kipande, usikigeuze, usikichokonoe kuona kama kinaendelea. Kinaendelea.

Katika muda huo fanya wanachofanya wakaangaji wa Feri. Wamesimama mbele ya makarai mapana juu ya kuni, moshi unawaingia machoni, foleni ya wateja inawaita, na wengine mgongo wameupa karai kabisa huku wakipokea pesa. Bado wanajua lini wageuke na kumtoa samaki, kwa sababu wanamsikia. Mwanzoni mafuta hupiga kelele nzito, maana maji yanatoka kwa wingi. Baadaye kelele hupungua, huwa nyembamba na kavu, na mapovu hugeuka madogo na machache. Sauti hiyo ya pili ndiyo habari njema: maji ya ganda yamekwisha. Geuza kipande sauti ikianza kupungua, kisha kipe dakika mbili au tatu za upande wa pili. Kwa unene wa sentimita 2, jumla ni dakika nne hadi tano.

Rangi nayo ina habari yake. Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza mwaka 1912 jinsi protini na sukari zinavyobadilika zikikutana na joto, na hiyo ndiyo kahawia ya dhahabu tunayoitafuta, pamoja na harufu inayowatoa majirani barazani. Mabadiliko hayo huwa ya kusuasua sana penye maji mengi. Uso wa ganda ukianza kupata rangi, basi umeanza kukauka. Kwa hiyo rangi na sauti zitoe ushahidi pamoja, zisipopatana subiri kidogo.

Kati ya mkupuo na mkupuo, opoa makombo ya rojo yanayoelea. Yakiachwa huungua, na uchungu wake huhamia kwa samaki anayefuata. Yasubiri mafuta yarudi kwenye joto lake, lijaribu tena lile tone, ndipo uendelee.

Hatua ya 6: Hotpoti ipigwe marufuku

Hapa ndipo wengi waliofanya kila kitu sawasawa hushindwa. Samaki ametoka, ganda linalia, na mkono wa mwenye nyumba, kwa mapenzi yote, unakwenda moja kwa moja kwenye hotpoti. Ndani ya chombo hicho mvuke wa samaki hauna pa kwenda. Unapanda, unagonga mfuniko, unarudi chini matone. Ulichokifukuza kwa nusu saa umekifungulia mlango na kukifungia ndani na samaki wako. Hotpoti ni ya wali, chapati na maharage, na huko inafanya kazi tukufu. Kwa samaki wa rojo isisogezwe karibu.

Mahali pake ni juu ya wavu wa chuma, hewa ikipita chini na juu. Unapomtoa kwenye mafuta mkung'ute kwanza, maana mvuke uliobaki kwenye matundu ya ganda ukipoa hunywea, na mafuta yaliyoganda juu huvutwa ndani. Sekunde hizo za kumkung'uta ndizo zinazotofautisha ganda jepesi na lile linaloacha mdomo ukimeremeta. Chumvi ya kumalizia inyunyizwe hapo hapo, angali moto, ili ishike.

Gazeti halifai. Wino wake si chakula, na kipande kikilala bapa juu ya karatasi upande wa chini unajipika kwa mvuke wake wenyewe. Kupandanisha vipande nako ni vivyo hivyo: cha juu kinakilowesha cha chini. Nzi wakisumbua, funika kwa kawa la ukindu lenye kupitisha hewa, na si kwa bakuli. Mwenye oveni anaweza kuwahifadhi kwenye nyuzi 100, juu ya wavu, mlango ukiwa wazi kidogo.

Yakienda kombo

Ganda linavuka: samaki hakufutwa vizuri au hakupakwa unga mkavu. Vipande vilivyobaki vifute upya na uanze hatua ya 2.

Ganda limelegea na linatoa mafuta: karai lilikuwa baridi au limejazwa. Warudishe kwenye mafuta ya moto kwa dakika moja, wengi watapona.

Ganda ni gumu na linavutika: rojo lilikorogwa sana au lilikaa muda mrefu. Tengeneza jipya, unga si ghali kuliko samaki.

Nje nyeusi, ndani mbichi: moto ulizidi au kipande kilikuwa kinene. Punguza vyote viwili.

Mafuta yaliyobaki yaache yapoe, yachuje kwa kitambaa, yaweke kwenye chupa gizani, na yatumike kwa samaki tu. Maandazi yako hayajaomba harufu hiyo. Yakiwa meusi, yakitoa povu au moshi kabla ya wakati, yamemaliza kazi. Yasimwagwe kwenye sinki, yataziba bomba.

Hatua ya 7: Adabu mpya ya mezani

Pembeni weka kachumbari, ndimu, na ukwaju uliokamuliwa mzito wenye pilipili na chumvi. Ukali wa ukwaju hufanya kazi ile ile inayofanywa na siki huko Uingereza: hukata mafuta mdomoni na kumrudishia samaki utamu wake. Vyote hivyo vikae kwenye vibakuli vyao, mlaji achovye mwenyewe tonge kwa tonge. Anayemimina ukwaju juu ya sahani nzima amemaliza kazi ambayo maji yalishindwa.

Kinachobaki ni ugumu wa mila. Tumelelewa kungoja: chakula kiive chote, kipakuliwe chote, wakubwa wakae, mikono inawe, ndipo tuanze. Kwa pilau hilo ni jambo jema. Kwa samaki huyu ni hukumu, kwa kuwa kipande cha kwanza kitakuwa kimelowa kabla cha mwisho hakijaingia kwenye karai. Mazungumzo yatakuwa hivi:

"Mama, chukua chako ule, usiwasubiri."

"Mwanangu, nitaanzaje kula na wageni hawajakaa?"

"Wageni wao ndio wanaofuata, mama. Na wewe ndiye mkubwa, ukianza wewe hakuna atakayeona haya."

Ataanza, na atafurahi. Baada yake kila kipande kimwendee mtu kikitoka, bila kungoja sahani zijae. Samaki na chipsi kilikuwa chakula cha wafanyakazi wa viwandani Uingereza, waliokila kwenye karatasi njiani, kikiwa moto, bila kuuliza nani ameketi. Hawakukosa adabu, walikijua walichokula. Anayetaka kuwaheshimu wageni wake na samaki wa rojo awaite jikoni, awasimamishe karibu na wavu kwa umbali salama na mafuta, awape sahani mkononi.

Na mkaangaji asiwe mtumishi wa wengine mpaka mwisho. Wawe wawili, mmoja akichovya mwingine akila, kisha wabadilishane baada ya mkupuo wa pili. Aliyepara, akafuta, akakoroga kwa mkono mvivu na kusimama kwenye joto ana haki ya kipande kimoja kilichotoka sasa hivi, chenye ganda linalolia na mnofu unaotoa mvuke ukifunguliwa. Asipokila hicho hatajua kama amefaulu, na hatakuwa na cha kulinganisha atakapokaanga tena wiki ijayo.